Imebaki Hitimisho Tu

Långviken, tarehe 5 Mei

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nalianza hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Najijua.

Siku moja kabla hujaondoka, ulipokwenda dukani kununua kahawa na mishumaa ya kupeleka kisiwani, huko ulikokwenda kuandika, niliifungua kompyuta yako. Nilitaka kuchapa kazi yangu ya jiografia tu. Pale kwenye kioo kulikuwa na faili linaitwa TASNIFU MPYA YA MWISHO KABISA. Nikalibofya. Nilitaka nione urefu wake, nijivunie kidogo, nilifunge. Mama, lina kurasa mbili. Wa kwanza una jina lako na kichwa: Wanafunzi Wasionyoosha Mkono. Wa pili ni wa shukrani. Umemshukuru msimamizi wako, umemshukuru Baba kwa miaka sita ya kuchemsha viazi, umenishukuru mimi kwa uvumilivu. Baada ya hapo hakuna kitu. Niliteremsha, nikateremsha, nikidhani labda umeruka nafasi halafu maneno yanaanza mbele. Kweupe kama bahari ya Februari iliyoganda.

Tangu Krismasi unasema imebaki hitimisho tu. Umemwambia Baba, umemwambia Gunvor wa nyumba ya pili, umemwambia hata kasisi alipokupa mkono mlangoni.

Najua kwetu mtu haulizwi. Mtu akiwa na kazi yake, unampita kwa kunyata, unamwekea kikombe cha kahawa, unaondoka. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na mimi ninaipenda kuliko wote kwa sababu nami sipendi kuulizwa. Lakini miaka sita, Mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema, "Hebu nione ukurasa mmoja." Tumekuheshimu mpaka tumekuacha peke yako.

Basi mimi nauliza. Umeandika kurasa ngapi? Tarehe kumi Juni, saa kumi alasiri, ndiyo mwisho wa kuikabidhi. Ikipita hiyo, mwezi wa saba unafutwa chuoni, na ile nafasi ya kudumu aliyokushikia mwalimu mkuu anapewa mwingine. Miaka tisa umefundisha kwa mkataba wa Agosti hadi Juni, kila kiangazi unaachishwa kama mchuma nyanya. Hayo uliniambia mwenyewe, tena ulikuwa unalia, ukasema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu siku ile.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Kuni zinatosha? Baba mgongo unamsumbua kidogo lakini lori analiendesha. Mimi nina mafua. Simu yako nimeikuta kwenye droo ya vijiko. Baba anasema umeisahau. Mimi nasema umeisahau vizuri sana.

Binti yako,
Hilma


Kisiwani, tarehe 8 Mei

Hilma mwanangu,

Hujambo kipenzi changu? Mafua yamepungua? Kunywa maji ya moto na asali, na shingo uifunge, usijitie ujana. Mimi huku ni mzima wa afya. Barafu imeondoka yote, bata wamerudi, na asubuhi ukitoka nje hewa inakuamsha kama kofi.

Jumatatu niliamka mapema nikakaa mezani. Madaftari nimeyapanga, penseli nimezichonga zote kumi na mbili. Nikasema, haya Outi, sasa. Nikainama kuokota kifutio kilichoanguka, nikaliona zulia chini ya meza. Hilma, lile zulia! Nadhani halijafuliwa tangu bibi yako alifume. Mtu hawezi kufikiri miguu ikiwa juu ya uchafu wa namna ile. Nikalibeba mpaka gatini, nikalisugua kwa sabuni ya msonobari, na likatoka zuri hata yale mengine yakaonekana aibu. Nikayafua yote matano. Nilipokuwa nimepiga magoti napita na brashi, akaja mzee Runar kwa mashua yake kutoka ng'ambo ya ghuba. Akazima mtambo.

"Outi, unafua au unakimbia?"

"Nafua."

"Basi fua na ya kwangu, maana mimi kukimbia siwezi tena. Goti."

Akaenda, akarudi na kumi na moja. Siku nzima imekwisha hivyo. Sasa yametundikwa juu ya uzio wote, ukitazama kutoka majini utadhani kuna harusi. Jana nikaipaka rangi mashua, upande mmoja, halafu nikaona upande wa pili unadharaulika. Pia nimeupanga upya ukuta wa kuni, ule ulioinama, na nimechemsha birika la kahawa kwa siki mpaka ndani limekuwa kama kioo. Mwandishi anahitaji kahawa safi.

(Nakatisha hapa kurasa tatu za jinsi nilivyoziba tundu la panya, utazikuta nyuma, ni hadithi ya kuchekesha.)

Kesho naanza rasmi. Kila kitu sasa kiko tayari, hakuna cha kunizuia. Kuhusu yale mengine uliyoandika, tutazungumza. Mwambie Baba asibebe magunia ya viazi peke yake.

Akupendaye,
Mama


Långviken, tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua imefika, na harufu ya sabuni imefika nayo. Mafua yamekwisha, asante.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta namba. Nimepata penseli kumi na mbili. Nimepata mazulia kumi na sita, ukijumlisha ya mzee Runar. Panya mmoja. Namba ya kurasa sikuiona. Halafu nikazihesabu karatasi zenyewe: barua yako ina kurasa tisa. Umeniandikia kurasa tisa kwa siku moja, kuhusu mazulia, na hazichoshi hata kidogo, nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka dereva akanitazama kwa kioo. Kumbe unaweza.

Mambo ya hapa ni haya. Baba amekodi viti sitini kutoka ukumbi wa vijana kwa ajili ya sherehe yako ya kuhitimu, Jumamosi ya mwisho ya Juni. Gunvor alikuja kuuliza habari za keki ya mkate, ile ya samaki na kamba, akavikuta vile viti vinashushwa kwenye lori.

"Kaj, ukoo wenu mzima ni watu kumi na wanane."

"Najua."

"Sasa viti sitini vya nini?"

"Wataweka makoti."

"Kiangazi, makoti?"

"Mvua inaweza kunyesha," Baba akasema, akaendelea kushusha. Masikio yalikuwa mekundu. Unamjua Baba: sherehe ya harusi yenu alitaka iwe ya watu sita. Sasa anataka sitini. Nilisimama nyuma ya pazia, nikavihesabu.

Mimi shuleni na kwa Baba nazungumza Kiswidi, na wewe nazungumza Kifini, na watu wengine wote sizungumzi nao. Kwa hiyo elewa imenigharimu kiasi gani kukuuliza, na kukuuliza tena. Usinijibu kwa mazulia. Ukinijibu kwa mazulia, bahasha ijayo sitaifungua.

Binti yako,
Hilma


Kisiwani, tarehe 21 Mei

Mwanangu Hilma,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Posta imepita mara mbili na sikukuandikia. Ulinikataza mazulia, na bila mazulia sikuwa na la kusema.

Hakuna ukurasa. Huo ndio ukweli. Nina sanduku la maelezo, vitabu vimejaa vikaratasi vya njano, mahojiano ya watoto kumi na wanne yote nimeyanakili kwa mkono. Ila tasnifu yenyewe, kurasa ni zile mbili ulizoziona. Ile habari ya hitimisho, hakuna aliyeniuliza. Nilisema mwenyewe, ili asije mtu akauliza.

Sasa nikueleze na sababu, maana umeniuliza mara mbili, na mtu wa ukoo wetu akiuliza mara mbili huyo si wa kufichwa.

Mahojiano sikuyafanya yote mimi. Mwalimu hapaswi kuwahoji watoto anaowajua, basi nilibadilishana na Tarja, niliyekuwa naye darasa moja chuoni. Mimi nilikwenda shule ya kijijini kwao, yeye akaja shule yako. Watoto hawakutajwa majina, walipewa namba tu. Nilikuwa nyumbani jikoni nasikiliza kanda zake, naandika. Nikafika kwa mtoto wa saba. Tarja anamuuliza, "Kwa nini hunyooshi mkono, hata ukijua jibu?" Mtoto ananyamaza muda mrefu. Halafu anasema, polepole: "Nyumbani nikimsemesha mama, anasema subiri, namalizia sentensi. Nimezoea kusubiri. Darasani nasubiri pia."

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimekaa jikoni, wewe ulikuwa juu chumbani kwako, na sauti yako ilikuwa masikioni mwangu, na mbele yangu kulikuwa na sentensi niliyokuwa naimalizia.

Miaka minne sasa. Kila nikianza sentensi, nakusikia umesimama pale unasubiri niimalize. Basi nainuka. Nafua, napaka rangi, naziba tundu. Mikono ikiwa na kazi, sikusikii.

Nimemwandikia mwalimu mkuu barua kwamba nafasi ampe mtu mwingine. Iko hapa mezani, imebandikwa stempu. Ijumaa Runar akienda bara nitampa. Sitaki kuendelea kumlipa mtoto wangu uvumilivu kwa ukurasa wa shukrani.

Baba yako nitamwambia mwenyewe baadaye, nikipata maneno. Kwa sasa asijue, nakuomba.

Mama


Långviken, tarehe 22 Mei

Mama,

Hii barua naipeleka mwenyewe gatini kwa baiskeli, nimpe kijana wa boti ya maziwa ili isisubiri Ijumaa. Nitazungumza na kijana wa boti ya maziwa. Jionee hali.

Ile barua ya mwalimu mkuu usiitume.

Namkumbuka Tarja. Alinipa andazi la mdalasini na alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Ningeweza kukuambia kwamba yale maneno niliyatunga ili nile andazi. Sikuyatunga. Siku moja nilikuja jikoni na jino mkononi, gego la mwisho la utotoni, limetoka lenyewe, halina hata damu. Ukasema subiri, namalizia sentensi. Nilisubiri. Nilikuwa natazama mgongo wako na sweta lako la kijivu. Halafu nikalitia mfukoni nikapanda juu. Sina kinyongo, Mama, ila sitaki kukudanganya kwamba halikutokea. Watu wa nyumba hii tumedanganyana kwa upole vya kutosha.

Lakini umeielewa vibaya ile kanda. Umeisikia kana kwamba nilikuwa nasema acha. Sikusema acha. Nilisema nasubiri. Ulikuwa unamalizia sentensi, basi imalizie! Sikusubiri miaka yote hii ili uje uniambie umeamua kutoimaliza.

Sasa sikiliza. Zimebaki siku kumi na tisa. Kisiwani hakuna umeme, nadhani ndiyo sababu ulikuchagua, lakini haidhuru. Andika kwa mkono kwenye madaftari. Mpe Runar kila siku ya posta. Mimi nachapa kwa vidole vyote kumi, bila kutazama. Nikimaliza sura naipanga na marejeo yake, ile kanuni ya marejeo nimeisoma, inanipendeza, ina utaratibu kuliko watu.

Na usiniandikie barua. Usiniulize mafua, usinisimulie bata. Barua kwangu nayo ni zulia lingine. Bahasha ikija nataka nikute kurasa tu. Nikikuta salamu nitajua umeinuka mezani.

Baba sitamwambia. Hilo ni lako.

Hilma wako


Kisiwani, tarehe 28 Mei

Hilma,

Umenikataza salamu nami nakutii: hujambo?

Humu mna ukurasa wa 1 hadi wa 22. Mwandiko unaharibika kuanzia wa 15, kidole cha kati kimetoka lengelenge. Barua ya mwalimu mkuu imewashia jiko la sauna, iliwaka vizuri, karatasi nzito ile. Runar alipoisikia habari yote alinitazama, akaenda ghalani kwangu, akatoka na brashi, ndoo, sabuni, na kopo la rangi, akavipakia kwenye mashua yake.

"Hivyo ni vyangu, Runar."

"Utavipata tarehe kumi na moja."

"Na nikitaka kufagia?"

"Fagia kwa penseli."

Niliingia ndani nina hasira, nikaandika kurasa nne kwa hasira. Kumbe na hasira ni mafuta.

Nimefika kwa watoto wenyewe. Nimemruka mmoja. Utaona. Nadhani tasnifu inasimama bila yeye, kumi na watatu wanatosha.

Baba yako bado asijue. Nakuomba tena.

Mama


Långviken, tarehe 1 Juni

Mama,

Umeniuliza kama sijambo, basi sijambo. Nimechapa zote ishirini na mbili. Ni nzuri. Pale unaposema kwamba mwalimu huwa na haraka ya kuujaza ukimya kwa jina la mtoto mwingine, nilisimama nikatembea chumbani.

Lakini umetoka kwa mtoto wa sita ukaenda kwa wa nane. Msimamizi wako anajua kuhesabu. Mimi pia. Umeandika kurasa ishirini na mbili kuhusu watoto ambao hakuna anayewangoja, halafu mmoja wao ukamwacha nje mlangoni. Sitakuambia zaidi ya hapo.

Leo tumefunga shule. Tumeimba, tumepewa vyeti, nimerudi moja kwa moja kuchapa. Sikumsikia Baba anapanda. Aligonga, nikazitupia kurasa zako blanketi, nikazikalia. Alitaka kuniuliza kama viti vya bluu vitangulie au vyeupe. Kisha akaitazama kompyuta.

"Unaandika nini kila siku?"

"Kazi ya shule."

"Shule imefungwa leo."

"Ya mwakani."

"Walimu wa mwakani wameshawapa kazi leo?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Wewe ni mama yako mtupu," akasema, tena kwa fahari, Mama, kwa fahari! Akasimama hapo akizungusha kofia. Halafu akaniambia kwamba anaandika hotuba ya sherehe. Baba! Aliyemwambia daktari wa meno "hm" kwa miaka ishirini. Anajifunza kuisema ndani ya lori, akiwa anapeleka nyanya, mpaka watu wa mzani wa malori, mpakani mwa wilaya, wamedhani anazungumza kwa simu akiendesha. Amefikia sentensi ya tatu. Ya tatu inasema kwamba hakuwahi kukuuliza kuhusu masomo yako kwa sababu aliogopa utaona hana akili ya kuelewa jibu.

Nilikuwa nimekalia jibu, Mama. Lilikuwa linanikwaruza chini ya blanketi.

Mimi huzungumza labda sentensi ishirini kwa siku. Leo tatu zilikuwa za uongo, na zote kwa Baba. Nilisema sitamwambia, na kwa mdomo wangu sitamwambia. Lakini kuficha nako ni kazi, na sasa kazi mbili zimenishinda. Niachie moja. Mwandikie, au nipe ruhusa.

Zimebaki siku tisa.

Hilma


Långviken, tarehe 7 Juni

Mama mpendwa,

Jumanne posta ilipita bila kitu. Nilikaa kwenye ngazi ya nje nikiutazama mfuko wa mtu wa posta mpaka akaniomba radhi. Siku mbili zile sikula vizuri. Nikiwaza: amepata brashi nyingine. Nikiwaza: amechukizwa na maneno yangu kuhusu mlango. Nikiwaza mambo ya maji na mashua, ambayo siyaandiki. Nyumba nzima nimeizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, hata Gunvor akauliza kama nina mchumba.

Leo bahasha imekuja. Imefungwa kwa uzi, inaelemea upande mmoja. Nimeichana hapo hapo barabarani, nikatafuta barua. Hakuna. Hakuna hujambo, hakuna mafua, hakuna bata, hakuna jina lako chini. Kurasa tu, kuanzia 23 hadi 71, pande zote mbili. Mama, sijawahi kupokea barua nzuri kuliko hiyo.

Nimechapa tangu saa tatu asubuhi. Nimefika ukurasa wa 38. Umeandika: "Mtoto wa saba ni binti yangu. Sikumhoji mimi, wala sikujua kuwa ni yeye hadi niliposikia sauti. Msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuniamini." Kisha umeyaweka maneno yangu, yote, hata ule ukimya umeupima kwa sekunde. Na chini yake umeeleza kwamba tasnifu hii ilikaa miaka minne bila kuandikwa, na kwamba katika miaka hiyo uliwaambia watu wako imekaribia kwisha. Umeyaandika hayo kwenye kitabu cha chuo! Sijui kama yanaruhusiwa. Nilitafuta kwenye kanuni, hazisemi ndiyo wala hapana. Nimeyaacha kama yalivyo.

Kwenye ukurasa huo nimeacha kuchapa. Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyohitajika kuchapa. Si rahisi kujiona umeandikwa. Lakini sikutaka hata neno moja libadilishwe, labda lile "polepole". Sisemi polepole. Nasema chini.

Ruhusa niliyoomba hukunipa. Wala hukuninyima. Nimewaza hivi: ukurasa wa 38 utakwenda kwa msimamizi, kwa wasahihishaji wawili, halafu maktaba, na huko atausoma yeyote mwenye kadi. Mtu wa kwanza kuusoma nimekuwa mimi. Si haki Baba awe wa mwisho, asimame mbele ya viti sitini na sentensi zake tatu, akiwa yeye peke yake hajui anasifu nini. Akiujua ataumia. Bora aumie humu ndani, akiwa amekaa kitandani kwangu, na siku tatu bado zipo, na chuoni tunahitaji mtu wa kutupeleka, maana mimi leseni sina na basi la Jumatatu halifiki kabla ya saa kumi.

Lori limeingia uani sasa hivi. Nimesikia mlango wake, ule unaofungwa mara mbili. Anaosha mikono. Anauliza jikoni kama kuna mtu, na kama kawaida yangu sijajibu.

Anapanda. Namsikia, mguu wa kulia unatangulia kwa sababu ya mgongo. Karatasi zako ziko mezani zimetapakaa, na ukurasa wa 38 uko juu. Mkono wangu umekwisha shika blanketi wenyewe, kwa mazoea. Nimeuambia uliache. Barua hii nayo siikunji.

Yuko mlangoni. Amesimama, hagongi, anadhani ninasoma, hataki kunikatiza. Atageuka aondoke, Mama, namjua, atashuka kwa kunyata.

Nimemwita. Nimeita kwa sauti kubwa mpaka nimejishtua: "Baba, ingia! Njoo unisomee hapa."

Mwanao,
Hilma